Kutoka kwenye huduma iliyokushika kila upande: mwongozo kwa aliye Dar es Salaam

Swali lililonichelewesha kuondoka kwenye kanisa letu miaka miwili mizima halikuhusu wokovu. Lilikuwa hili: nikifa leo, nani atanizika? Baba alishafariki. Ndugu zangu nilikuwa nimewakata kwa maelekezo ya mtumishi, kwa kuwa "wana maagano ya ukoo". Majirani nilikuwa siwajui hata majina, maana kwa miaka tisa kila jioni ilinikuta kanisani. Chumba nilichokaa kilikuwa cha mshirika mwenzangu, kazi nilitafutiwa na mzee wa kanisa, na dawa yangu ya kila ugonjwa ilikuwa chupa ya mafuta ya upako.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mafundisho. Wengi wanaotaka kumtoa mtu kwenye huduma ya namna hii humletea mistari ya Biblia, naye mistari anayo mingi kuliko wao. Kinachomshika ni chumba, simu, deni, ajira, uchumba na turubai la msiba. Nyuzi hizo ukizikata kwa pupa, unaanguka. Ukizihesabu, ukatafuta kingine cha kushika badala ya kila mmoja, siku ya kuondoka inakuwa jambo la dakika chache. Mimi nilikata kwa pupa, nikarudi mara mbili kabla ya kutoka kabisa.

Natumia maneno ya makanisa ya kiroho kwa sababu ndiko nilikotoka. Aliye kwenye darsa lililojifungia, au kwa mtu anayejiita nabii bila kanisa lolote, atazikuta nyuzi zilezile.

Kwanza, hakikisha unachokiona

Kanisa linaweza kukataza pombe, kufundisha fungu la kumi na kukesha kila Ijumaa, na bado likawa mahali salama. Usipime kwa ukali wa ibada. Pima kwa kinachompata anayesema hapana. Aliyekosa mkesha kwa sababu mtoto anaumwa aliambiwaje? Aliyeuliza pesa za kiwanja zimefikia ngapi, yuko wapi sasa? Aliyehama anatajwaje madhabahuni? Kama kila aliyeondoka anasemekana amepata ajali, amefilisika au amerukwa na akili, hapo umeshapata jibu.

Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, aliwahoji watu waliopitishwa kwenye mpango wa kurekebishwa fikra huko China, na mwaka 1961 akachapisha alama nane za mahali panapotawala akili za watu. Mbili kati ya hizo nilizitambua mara moja. Moja ni maungamo yasiyokwisha, ambayo baadaye yanageuka fimbo ya kukuchapia. Nyingine ni maneno maalumu ya kundi ambayo kazi yake ni kukatisha fikra kabla haijafika mwisho. Sisi tulikuwa nayo: "roho ya uasi", "kutoka chini ya kifuniko" (yaani ulinzi wa mtumishi), "usimguse mpakwa mafuta".

Fanya zoezi hili peke yako. Chukua karatasi, andika neno la huduma upande mmoja, na upande wa pili andika tukio lenyewe kwa Kiswahili cha sokoni. Yangu ilisomeka hivi: "Roho ya uasi: niliomba ruhusa kwenda kwenye harusi ya dada yangu." "Kujimaliza: nilitoa kodi ya miezi mitatu, nikala uji wiki mbili." Nilijaza kurasa nne. Karatasi hiyo ifiche nje ya nyumba, au ichane ukimaliza.

Ukiona haya, usisubiri kujipanga

Mipango yote inayofuata ni ya mtu mwenye wiki au miezi mkononi. Kama mnaambiwa mfunge bila chakula wala maji hadi mtu azimie, kama mtoto mgonjwa anazuiwa kwenda hospitali, kama kuna kipigo, kufungiwa ndani, au mtumishi anadai mwili wako kwa jina la maombezi, ondoka leo na nguo ulizovaa. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioelekezwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao kulikuwa na watoto wengi.

Polisi wa dharura ni 112. Kwa mtoto aliye hatarini piga 116, ni bure. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kuuliza kwanza, kuliko kueleza mambo yako mbele ya kaunta. Aliyeumizwa apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ila hali ikiwa mbaya hospitali iwe kwanza na karatasi zifuate. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kuanzwa baada ya hapo. Asioge wala kufua nguo alizovaa.

Hesabu nyuzi

Anza na karatasi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, hati ya kiwanja. Huduma nyingine huomba nyaraka hizi "ziombewe", kisha zinakaa ofisini. Ziombe kwa sababu ya kawaida kabisa, kwa mfano kwamba kazini wanazihitaji, na usizirudishe. Vyeti vya shule ndivyo vigumu kuvipata upya, kwa hiyo anza navyo. Cheti cha kuzaliwa utapata nakala RITA, na ukiwa na namba ya NIDA peke yake tayari unaweza kufanya mengi. Piga picha za kila karatasi, uzihifadhi kwa mtu aliye nje ya kundi.

Simu ndiyo uzi ambao watu huusahau. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Niliikuta moja nisiyoijua. Laini usiyoitambua nenda dukani kwa kampuni husika uifute, na alama za vidole ukazitoe wewe mwenyewe. Badili namba ya siri ya pesa za simu. Fungua WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa, na toa usichokijua. Zima kushirikisha mahali ulipo. Kama simu ilinunuliwa na huduma, au kiongozi wako huishika na kuikagua, mipango yako isipite humo hata kidogo.

Pesa. Dar hakuna uhuru bila kodi, na mwenye nyumba atataka miezi mitatu, mara nyingi sita. Chumba cha shilingi 70,000 kwa miezi sita ni 420,000, na dalali kwa kawaida anachukua ya mwezi mmoja, kwa hiyo hesabu yako ni 490,000 kabla hujanunua hata ndoo. Kama huwezi kuacha kutoa ghafla bila kuulizwa, punguza. Ulikuwa unatoa elfu ishirini, toa kumi na tano na useme biashara imelegea. Kuna watakaosema huo ni uongo. Mimi nasema mtu anayebana pesa ya kumhamisha yeye na watoto wake mahali pa hofu hana deni kwa anayemtisha. Usiweke akiba hiyo kwenye kikoba cha washirika. Na kama una hisa zako kwenye kikoba hicho, subiri mzunguko ufungwe uchukue chako ndipo uondoke. Nilimjua mama aliyeondoka wiki tatu kabla ya mgao, na hakuona hata senti.

Kama chumba na kazi vyote viko mikononi mwao, kitangulie chumba. Kazi ya mshirika unaweza kuivumilia mwezi mmoja huku ukilala kwako, lakini hutaweza kupumzika kwenye nyumba ambayo wanagonga saa kumi alfajiri kukuamsha kwa maombi.

Dawa zako

Hii nimeitenga kwa sababu inaua. Kama uliacha dawa za presha, sukari, kifafa au za kufubaza virusi kwa kuwa uliambiwa umeshapona, rudi kliniki kabla hata hujahama. CTC, kliniki za wanaoishi na VVU, wamewapokea wengi walioacha kwa sababu kama yako, na dawa za kufubaza virusi ni bure. Sema ukweli: "Niliacha miezi kadhaa kwa ajili ya maombi." Wanahitaji kuujua muda huo ili wakupime na kuamua dawa gani inakufaa sasa. Usianze kumeza zilizobaki kabatini kwa kukisia.

Mtu mmoja wa nje

Mpate mmoja tu, mapema. Mara nyingi ni ndugu uliyemkata, na aibu ndiyo inayokuzuia kumpigia. Mimi nilimtumia dada ujumbe wa maneno manne: "Dada, ni mimi. Nisamehe." Nilidhani atanitukana. Alipiga mara moja, akalia, akauliza nimekula nini. Simaanishi kwamba wote watapokelewa hivyo. Wapo ndugu watakaosema "tulikwambia". Basi mtafute rafiki wa shule, jirani mwenye staha, au shangazi wa Kigamboni asiyesali na wenu. Mpe nyaraka zako, mwambie tarehe, na mkubaliane neno moja ambalo ukimtumia anakuja bila kuuliza.

Siku yenyewe

Chagua siku ambayo viongozi wamebanwa, kama Jumapili katikati ya ibada au siku ya semina. Hamisha vitu kidogo kidogo kabla, mzigo mkubwa uwe wa mwisho. Usiende kuaga madhabahuni. Wengi huamini kwamba wakiaga kwa heshima watabarikiwa waende. Kinachofuata ni kikao cha saa tano, wazee saba, na machozi. Mimi kurudi kwangu mara ya kwanza kulitokana na kikao cha namna hiyo.

Tuma ujumbe mfupi: "Shalom. Nimeamua kuacha kushiriki katika huduma. Uamuzi ni wangu. Naomba nisitembelewe wala kupigiwa. Asante kwa yote." Usitoe sababu, kwa kuwa kila sababu inafungua mjadala. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuchagua na kubadilisha dini au imani yake. Huhitaji barua ya kuruhusiwa na mtu.

Watakuja. Watatumwa wale unaowapenda, na upendo wao ni wa kweli, ndiyo maana inauma. Ongea nao mlangoni mkiwa mmesimama, usiwakaribishe kukaa. Sema sentensi moja, irudie ileile, kisha "nawatakia njia njema". Mara tu unapohamia mtaa mpya nenda ukajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ili siku ya kelele getini mwenyekiti awe anakujua kabla hajawasikia wao. Vitisho vikija kwa simu, usijibu wala kufuta. Piga picha ya ujumbe na uuhifadhi. Wakitishia kusambaza maungamo au picha zako, nenda polisi na ushahidi huo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nawe usikimbilie kumwanika mtumishi mitandaoni wiki ya kwanza. Hasira ni haki yako, lakini kesi ya kukashifu itakukuta ukiwa bado hulali usiku. Ukiwa na malalamiko juu ya taasisi yenyewe, jumuiya za dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na malalamiko ya maandishi unaweza kuyapeleka huko.

Ndoa, watoto, mali

Hakuna mtumishi mwenye mamlaka ya kuvunja ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, talaka hutolewa na mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa hiyo ukiambiwa "ndoa yako imevunjwa katika ulimwengu wa roho", kisheria bado una mume au mke, na haki zako zipo palepale. Nyumba ya familia haiuzwi wala kutolewa sadaka bila ridhaa ya mwenzi.

Kama mwenzi wako amebaki ndani, usishindane naye juu ya nabii wake. Shikilia mambo ya mtoto: shule, chanjo, chakula, hospitali. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya matibabu na elimu, na afisa ustawi wa jamii wa manispaa ndiye wa kumwona mambo yakikwama. Kuhusu malezi, mahakama huangalia ustawi wa mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba huanza na dhana kwamba kukaa na mama ni kheri kwake.

Sadaka uliyotoa mkononi, nakueleza kwa uchungu, usijenge maisha yako juu ya kuirudishiwa. Kiwanja au gari ni habari nyingine. Sheria ya Mikataba inatambua kwamba mwenye mamlaka juu ya mwenzake anaweza kuitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki, na mkataba wa namna hiyo unaweza kubatilishwa. Peleka nyaraka kwenye msaada wa kisheria: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanawake wanasheria) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wote wapo Dar.

Miezi ya kwanza

Nilidhani nikitoka nitapumua. Badala yake nilitetemeka. Wiki ya tano niliugua malaria, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa: laana imeanza. Kaa na hili vizuri, maana ndilo linalowarudisha wengi. Umefundishwa kwa miaka kwamba anayetoka hupigwa, kwa hiyo kila kitu kitaonekana ni pigo. Nilianza daftari. Kila baya lililonipata niliandika tarehe, na chini yake nikaandika nani mwingine limempata. Malaria: mimi, mpangaji wa chumba cha pili, na mtoto wa muuza genge. Kuibiwa simu kwenye daladala la Mbagala: mimi na abiria wengine wawili siku hiyohiyo. Kisha nikafungua kurasa za nyuma, nikaorodhesha mabaya yaliyotupata tukiwa ndani, chini ya kifuniko. Orodha ya nyuma ilikuwa ndefu zaidi.

Wimbo wa sifa ukipigwa kwenye mwendokasi, mwili unaweza kushtuka kabla ya akili: moyo kwenda mbio, jasho viganjani. Huo si uthibitisho kwamba Roho anakuita. Mwili umezoea kwamba sauti ile hufuatwa na kitu. Kanyaga sakafu kwa nguvu, shika chuma cha kiti uone ubaridi wake, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona: kituo cha Magomeni, kofia nyekundu, muuza karanga. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyoivuta. Hupungua. Mara ya ishirini hupungua upesi kuliko ya kwanza.

Kulala ni kazi ya kujifunza upya. Mwili wangu uliamka saa tisa usiku kwa miezi saba, saa ya maombi ya vita. Niliacha kupigana nao. Niliamka, nikanywa maji, nikashona kidogo, nikarudi kitandani.

Utashangaa pia jinsi kuamua kunavyochosha. Baada ya miaka ya kuuliza "baba, nivae nini, nimpokee nani", nilisimama Kariakoo mbele ya vitenge dakika arobaini, nikaondoka bila kununua. Anza na vidogo: leo chai au uji, njia hii au ile. Mambo makubwa, hasa kuolewa, kukopa na kuanza kazi ya utumishi mahali pengine, yape angalau mwaka.

Na lipo jeraha ambalo halizungumzwi: wale ulioingiza wewe. Niliwaleta watu sita. Wawili niliwatafuta nikawaambia, "Nilikuleta mimi, na nilikosea, ukitaka kutoka, mlango wangu uko wazi." Mmoja alinifungia simu. Mwingine alikuja baada ya miezi minane, akiwa na begi.

Msaada wa kitaalamu

Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, ukiwa unasikia sauti ya mtumishi ikikuamuru, au ukishindwa kula na kufanya kazi, nenda hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zitakupokea au kukuelekeza. Si lazima useme habari nzima siku ya kwanza. Inatosha: "Nimetoka kwenye kundi la dini lililonitawala, na sasa nina hofu na silali." Mshauri akikujibu kwa kukuombea au kukukemea pepo, omba mwingine, unayo haki. Ukipata mawazo ya kujiua, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwite mtu wako wa nje, akupeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.

Jihadhari na nabii wa pili. Atakuja akisema anayajua ya yule wa kwanza, na ana maombi ya kukata maagano kwa shilingi elfu hamsini.

Na Mungu?

Huna haja ya kuamua sasa. Nawajua waliorudi Lutheri au Katoliki walikobatizwa, na aliyerudi msikitini kwa bibi yake. Wapo wasiosali tena. Mimi nilikaa mwaka na nusu bila kuingia kanisa lolote, kisha nikaanza kukaa benchi la mwisho kwenye misa ya asubuhi, karibu na mlango. Popote utakapojaribu, keti muda bila kujiandikisha kwenye kikundi chochote, na tazama kama mapato na matumizi husomwa mbele ya watu, na kama unaweza kukosa Jumapili tatu bila kuhojiwa.

Nani atakuzika

Ulizia mtaani kwako kikundi cha kufa na kuzikana. Karibu kila mtaa wa uswahilini kipo, na mjumbe atakuelekeza. Kina kiingilio na mchango wa mwezi, na hakiulizi unasali wapi. Lakini usingoje kujiunga ndipo uende misibani. Nenda kwanza.

Msiba wangu wa kwanza baada ya kutoka ulikuwa wa mzee wa nyumba ya tatu, ambaye sikuwahi kumsalimia. Nilijifunga kanga, nikaenda nikiwa na hofu kwamba nitaulizwa nilikuwa wapi siku zote. Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alinisogezea beseni la vitunguu na kisu, nikamenya hadi saa saba mchana. Jioni alikuja na daftari, akauliza jina langu na nyumba ninayokaa, akaandika.